Mafundi wa kuhamisha DVD kwenda flashi, mmeniharibia diski ya marehemu mama

Wakuu, nina hasira na hii siimezi.

Nina DVD ya sendoff yangu ya 2009. Mle ndani marehemu mama anasimama, ananifunika kanga, ananiusia kwa dakika kama kumi. Sauti yake sina mahali pengine. Laptop yangu haina sehemu ya kuweka diski, nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini anihamishie kwenye flashi. Elfu 15, nikalipa yote.

Nikapewa faili moja la MB 310. Diski yenyewe ina GB 4.2! Picha imevutwa pembeni ijae skrini, mama aliyekuwa mwembamba kawa kibonge. Akinyoosha mkono anifunike kanga, mkono unachanika mistari mistari kama meno ya chanuo. Midomo inatangulia, sauti inakuja nyuma. Kurudi kuuliza, naambiwa eti "DVD za zamani ndivyo zilivyo, halafu faili kubwa flashi inalikataa."

Uongo! Nimenunua draivu ya nje ya USB, nikaifungua diski mwenyewe. Kuna folda inaitwa VIDEO_TS, na video imekatwa vipande vya VOB (mafaili ya video ya DVD), hakuna kinachozidi GB 1. Flashi ya FAT32 (mfumo wa kupanga mafaili ulioko kwenye flashi nyingi) inakataa faili moja likifika GB 4, sasa hivi vipande vingekataliwa na nini? Flashi yangu ni ya GB 16! Diski za wapiga picha wa harusi kwa kawaida hazina kufuli la kuzuia kukopi kama za filamu za dukani. Unakopi folda nzima, unapesti, VLC (programu ya kuchezea video) inacheza, ubora ni uleule wa diski. Basi.

Na ile mistari? DVD zetu za PAL (mfumo wa TV wa huku kwetu) ni nukta 720 kwa 576, picha 25 kwa sekunde, na kamera za wakati ule zilikuwa zinachukua kila picha nusu nusu: mistari witiri peke yake, mistari shufwa peke yake. Ukigeuza kuwa MP4 bila kuzishughulikia nusu hizo, kila kinachotembea kinachanika. HandBrake, programu ya kugeuza video, ni ya bure: unawasha Deinterlace (inayoondoa hiyo mistari), RF, kipimo cha ubora, unaweka 20 au 18 (namba ikishuka ubora unapanda), vipimo vya picha huvigusi. Wale wenye mabango ya "tunapandisha kuwa HD" wanakuza ukungu tu, msiwape hela.

Lakini kinachoniliza si hiyo MB 310. Diski niliipeleka safi, imerudi na mkwaruzo wa kuzunguka, ule mbaya kuliko wa kukatiza, kwa sababu unafuata njia yenyewe ya data. Kipande cha VTS_01_1 kimekopi. VTS_01_2 kimekopi. VTS_01_3 kinakwama, na humo ndimo mama anapoanza kuniusia. Nimeifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, nimeazima draivu ya jirani, inasogea kidogo inakwama tena.

Kwa hiyo leo usia wa mama yangu uko kwenye lile faili lililoharibiwa, hakuna kwingine.

Aliyewahi kuokoa diski ya namna hii kwa ddrescue (programu ya kuokoa data kwenye diski mbovu) anielekeze, tafadhali, hatua kwa hatua. Na wewe fundi kama unasoma hapa, Jumatatu asubuhi nipo mlangoni kwako na diski mkononi.