Kupika busaa Alabama, kisha kurudi Kisumu nayo

Kutoka: Mwenzenu wa Kakamega, Birmingham, Alabama

Habari za huko mliko, ndugu zangu.

Mwezi wa 12 narudi nyumbani kabisa, si likizo. Nimeshakodi nyumba Kisumu, upande wa Mamboleo. Kontena linaondoka wiki tatu zijazo na sijui nifanye nini na vyombo vyangu vya busaa, ile pombe yetu ya unga wa mahindi na wimbi: ndoo nne za lita 25 zenye vifuniko vya kupumulia, haidromita ya kupimia ukali wa pombe, chupa kama 60, na mashine ndogo ya kusagia kimea. Hapa napikia kwenye gereji kila baada ya wiki tatu na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nina maswali matatu. Watu wetu wa Western wana pikiniki mwisho wa mwezi, wanataka niwauzie busaa dola 5 kikombe, pesa ziende kwenye mchango wa matanga. Inaruhusiwa? La pili, jamaa mmoja ananishawishi ile iliyochacha kupita kiasi tuichemshe tukusanye mvuke, tupate chang'aa kidogo ya kuonja. La tatu, nikifika Kisumu nitaendelea kama ninavyofanya hapa? Nimesikia Kenya hata chang'aa iliruhusiwa tangu 2010.

Asanteni.

---

Kutoka: Kaka yenu wa Kisumu (zamani Minnesota)

Karibu nyumbani mapema, mdogo wangu. Nimekaa Minnesota miaka 14, nimepika busaa huko, nikarudi hapa 2015. Nitakujibu kwa mapana kwa sababu jambo hili limeingia nyumbani kwetu.

Kwanza, usiuze. Hata dola moja, hata kwa matanga. Ruhusa yote ya kupika bia nyumbani Marekani imesimama juu ya sharti hilo: ni ya kunywa wewe na jamaa zako, si ya kuuza. Na ruhusa yenyewe si ya zamani kama tunavyodhani. Marufuku ya pombe ilidumu kutoka 1920 hadi 1933. Ilipoondolewa, waliokuwa wakitengeneza divai nyumbani waliruhusiwa, wapishi wa bia wakasahauliwa. Walibaki nje ya sheria miaka 45, mpaka Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria mpya tarehe 14 Oktoba 1978, ikaanza kutumika Februari 1979. Sheria hiyo ya shirikisho inampa mtu mzima mmoja galoni 100 kwa mwaka bila ushuru, na nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi galoni 200. Kwa lita zetu ni kama 378 na 757.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo nilipoogopa niliposoma barua yako. Hicho ni kikomo cha shirikisho. Kila jimbo lina neno lake, na Alabama na Mississippi ndiyo yaliyokuwa ya mwisho kuruhusu, 2013. Alabama walipofungua walifungua kidogo: galoni 15 kwa kila miezi mitatu. Hizo ni lita 57 hivi. Wewe una ndoo nne za lita 25 na unapika kila baada ya wiki tatu. Ndani ya miezi mitatu unapika mara nne. Hata ukijaza ndoo moja tu mpaka lita 20, umefika lita 80. Ukijaza zote nne sitaki hata kuhesabu. Umekuwa ukivuka kikomo muda wote huu, na kwamba hakuna aliyekuuliza hakubadilishi hesabu.

Ni kweli hakuna askari anayegonga mlango kupima ndoo. Miaka yangu yote kule hakuja hata mmoja. Mara nyingi kinachowaleta ni kuuza, au jirani aliyechoka na kelele za gereji yako. Lakini sisi wageni tuna mzigo ambao mzaliwa hana: fomu ya uraia inauliza kama umewahi kukamatwa, tena inauliza kama umewahi kutenda kosa hata kama hukukamatwa. Mimi niliweka daftari jikoni. Tarehe, galoni, wanywaji wazima nyumbani. Mstari mmoja kila nilipopika, na mwezi niliofikia kikomo niliosha ndoo nikazifunika. Anza yako leo.

Kwenye pikiniki, kama uwanja unaruhusu pombe na jimbo lako linaruhusu kuitoa nje ya nyumba, mpe mtu kikombe bure. Kikapu cha mchango wa matanga kiwe mbali, na mtu mwingine akishike. Usikiweke kando ya ndoo, maana hapo ni kuuza kwa jina lingine.

La pili halina mjadala. Kuchachusha na kunereka ni vitu viwili mbele ya sheria. Ukichemsha ukakusanya mvuke bila kibali, sheria ya shirikisho inataja kifungo hadi miaka 5 na faini hadi dola 10,000, na haina kipengele cha kuonja. Huyo jamaa mwambie hapana, na usimwachie ufunguo wa gereji.

La tatu, Kisumu. Umesikia nusu ya maneno. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, ile tunayoiita sheria ya Mututho kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, ilifuta sheria ya zamani iliyopiga marufuku chang'aa. Watu walishangilia huku wakidhani mlango umefunguliwa. Lakini sheria hiyo hiyo inataka kila anayetengeneza kileo awe na leseni, na leseni za vileo Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti. Aliyeiandika alimfikiria mwenye kiwanda na mwenye baa: chupa zenye maandishi ya onyo, saa za kufungua na kufunga, umri wa miaka 18. Anayepika chungu kimoja anywe na wazee wake hakumwekea kifungu wala kikomo cha lita. Kwa hiyo galoni zako 15 zinaishia uwanja wa ndege.

Nieleze hilo lina maana gani. Mwaka 2017 shangazi yangu, kijijini ng'ambo ya Luanda kule Vihiga, alipika busaa ya kumkumbuka mumewe. Unga wa mahindi aliuchachusha, akaukaanga kwenye bati juu ya mafiga mpaka ukawa na rangi ya njugu, akauchanganya na kimea cha wimbi alichokiotesha mwenyewe kwenye gunia lililolowa. Siku ya kunywa, wazee wameshaketi, mirija imo chunguni, wakaingia askari. Hawakuuliza kama inauzwa. Walikipindua chungu pale pale uani. Nilipofika kutoka Kisumu kuku walikuwa wanadonoa machicha, na mrija mmoja ulikuwa umekanyagwa ukapasuka kwa urefu. Shangazi alikuwa na miaka 71. Alilala kituoni. Asubuhi tuliambiwa tulipe, tukalipa, na risiti hatukupewa.

Hakuwa ameuza hata kikombe. Kama angekuwa na kikomo kilichoandikwa, hata lita 50 tu, ningesimama pale uani na kipimo mkononi nikamtetea. Sikuwa na cha kushika.

Vyombo vilete ukitaka, ndoo ni ndoo. Ila usidhani utaviweka gerejini Mamboleo uendelee kama kawaida.

---

Kutoka: Ndugu wa Nakuru, Ujerumani

Naongeza kidogo. Huku kikomo kilikuwa lita 200 kwa mwaka bila ushuru, na tangu Januari 2024 ni lita 500. Ni ya matumizi yako mwenyewe, hakuna kuuza. Unaijulisha ofisi ya forodha kwamba unapika, basi. Mara ya kwanza nilitetemeka kuwaandikia, nikijua ninakotoka. Walijibu kwa adabu na sikuwasikia tena.

---

Kutoka: Dada yenu wa Leeds

Kaka wa Kisumu, pole sana kwa yaliyompata shangazi. Huku Uingereza leseni ya kupika bia nyumbani iliondolewa 1963, na mtu hapangiwi lita mradi asiuze. Hilo nalijua, na majirani zangu wanapika.

Lakini niseme la moyoni. Nimezika kaka zangu wawili, mmoja Kondele, mmoja Nakuru, wote kwa pombe. Mama yangu hawezi kusikia harufu ya kimea bila kulia. Tukiomba sheria ilegezwe, nani atamlinda mtoto wa jirani? Mimi nikisikia askari wamemwaga pombe, siwezi kusema nahuzunika.

---

Kutoka: Kaka yenu wa Kisumu

Dada, pole. Nimesoma barua yako jana usiku na nimengoja mpaka asubuhi ili nisikujibu kwa haraka.

Hofu yako ni ya haki. Novemba 2000 pombe haramu iitwayo kumi-kumi iliua watu zaidi ya 100 Nairobi na kuacha wengine vipofu. Mei 2014 ikawa Embu, Kiambu na kwingineko, makumi ya maiti kwa siku chache. Februari 2024 ikawa Kirinyaga. Lakini tazama kilichowaua. Ni methanoli, pombe ya viwandani, ambayo wafanyabiashara huitia ndani ya kinywaji ili kiwe kikali kwa bei ndogo. Busaa ya unga na wimbi ikichacha ndooni haitoi methanoli ya kumpofusha mtu. Inaweza kumlewesha, na anayeinywa kila siku itamharibia nyumba kama bia yoyote. Hilo silikatai.

Ninacholalamikia ni kwamba kila baada ya vifo msako huanza, na unayempata kwa urahisi ni mama mwenye chungu, kwa sababu moshi wake unaonekana kutoka barabarani. Mwenye mitungi ya methanoli ana gari na simu, naye huambiwa mapema. Askari akishinda siku nzima akipindua vyungu vya matanga, huyo wa mitungi atamkamata saa ngapi? Kikomo cha lita kingemsaidia askari kujua nani wa kumwacha na nani wa kumfuata.

Halafu kuna hili la mtama. Mwaka 2004 bia ya pipa ya Senator, ambayo siku hizi hupikwa kwa mtama, iliingia sokoni ili watu waache pombe hatari, ikapunguziwa ushuru. Mwaka 2013 serikali ikaiwekea ushuru wa asilimia 50, mauzo yakaanguka na wakulima wakabaki na magunia, ikabidi ushuru upunguzwe tena. Mwaka 2019 kiwanda cha hapa Kisumu kikafunguliwa upya kwa ajili ya bia hiyo. Nimefurahi, vijana wa huku wamepata kazi na wakulima wana soko. Lakini ina maana serikali inajua kabisa kwamba pombe ya nafaka yenye kipimo ni salama kuliko ya vichochoroni. Imeshalikubali jambo hilo kwa kiwanda. Namwombea shangazi akubaliwe kwa chungu kimoja.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwenye bunge la kaunti. Naandika ombi, na barua zenu zimenisaidia. Kutoka Alabama nachukua hesabu ya miezi mitatu, kwa sababu matanga na tohara haviji kwa mpangilio wa mwaka. Napendekeza lita 60 kwa boma. Kutoka Ujerumani nachukua kujulisha: mwenye boma amwandikie chifu kabla ya kupika, apewe karatasi yenye mhuri, bila malipo. Kunereka kubaki marufuku bila leseni. Na kutoka kwako, dada, nataka kifungu cha watoto. Kiandike wewe kwa maneno yako, kwa ajili ya kaka zako. Nitakiweka juu kabisa, kabla ya lita.

Sehemu ya sheria ya taifa haitabadilishwa na kaunti, najua. Nakala nyingine itakwenda Bungeni.

---

Kutoka: Dada yenu wa Leeds

Nitaandika. Asiwepo aliye chini ya miaka 18 kwenye mirija, na boma likikutwa linauza lipoteze hiyo karatasi kwa miaka mitano. Usinipunguzie hiyo mitano.

---

Kutoka: Mwenzenu wa Kakamega, Birmingham, Alabama

Kaka, nimekaa na kalamu jana. Tangu mwezi wa saba nimepika lita 110. Sikujua, na nimeshtuka. Nimesimamisha mpaka niondoke, na pikiniki nitapeleka uji wa wimbi.

Yule jamaa nimemwambia hapana. Ndoo tatu nimempa jirani anayelima nyanya. Moja naleta pamoja na haidromita, kwa sababu nataka bunge la kaunti lione kwa macho kwamba busaa inapimika. Niambie kikao ni siku gani, nikate tiketi kabla yake. Na shangazi muulize mrija wake ulikuwa wa urefu gani, nimtafutie mwingine.