Hela inaisha tarehe 20, nipunguze nini?

Kutoka: mdogo wenu, Leicester

Shikamooni kaka na dada zangu. Naombeni mawazo yenu. Niko mwaka wa pili sasa hapa Uingereza, nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, mshahara unaingia mwisho wa mwezi na nikiupiga kwa shilingi unaonekana mwingi tu, ila ikifika tarehe 20 nahesabu sarafu. Pombe sinywi, disko siendi, nguo za gharama sina. Nyumbani Majengo wanajua mtoto yuko Ulaya kwahiyo simu hazikatiki. Wiki iliyopita mama kaomba hela ya dawa za presha nikawa sina kabisa, nikamwambia mtandao unasumbua. Nilikaa kwenye choo cha kazini nikalia. Nyie mliotangulia mliacha nini na nini? Nianzie wapi?

Kutoka: dada wa Uru

Marahaba mdogo wangu, pole sana. Hiyo ya mtandao unasumbua usiibebe peke yako, wengi tumeshaisema, kesho mpigie mama umwambie ukweli utaona atakavyokuelewa.

Mimi nilikaa hapohapo Leicester miaka kumi na moja, nimerudi Moshi 2023, sasa hivi nakuandikia niko Pasua, maharage yako jikoni. Kazi yangu ilikuwa kama yako. Kwahiyo nisikilize, mwezi wa kwanza usiache kitu chochote. Andika tu. Chukua daftari, kila kinachotoka mfukoni au kwenye kadi kiandike sikuhiyohiyo kabla hujalala, hata kama ni senti hamsini, na usijigombeze, wewe andika tu. Daftari langu la Mei 2022 ninalo mpaka leo, nimelifungua hapa mezani. Ukurasa mmoja una "kahawa 3.20" mara kumi na tisa. Ni pauni sitini na senti themanini, na pauni wakati ule ilikuwa karibu elfu mbili na mia tisa, yani inafika laki moja na sabini na kitu, wakati mama yangu huku Uru alikuwa anaishi mwezi mzima na laki na nusu niliyokuwa namtumia. Nilivyoliona hilo nilifunga daftari nikalala bila kula.

Halafu kima cha chini mwaka ule kilikuwa pauni 9.50 kwa saa, maana yake kahawa moja ni dakika ishirini za kumwogesha na kumgeuza mzee wa watu. Na mimi ni mtoto wa mkulima wa kahawa! Baba alikuwa anapeleka kahawa yake chama cha msingi tangu sijazaliwa, nyumbani kwetu tulikuwa tunakunywa chai, kahawa ilikuwa ni ada ya shule.

Basi nikaapa kahawa naacha. Niliacha siku nne. Ya tano nikarudi, tena nikanunua na keki. Hapa ndo nataka unisikilize vizuri mdogo wangu. Zamu yangu ya asubuhi ilikuwa inaisha saa nne na nusu, ya jioni inaanza saa kumi, nyumbani ni mabasi mawili, sasa hayo masaa matano na nusu utayapeleka wapi na nje kuna baridi na mvua ile ya kuchoma? Mimi nilikuwa sinunui kahawa, nilikuwa nanunua kiti, joto na choo. Ndo maana kila nikiacha narudi. Nilivyokuja kujua kwamba maktaba ya mtaa unakaa bure, kuna joto, kuna choo, kuna meza na pa kuchajia simu, kahawa ya dukani ilijiondokea yenyewe. Nikanunua chupa ya chai moja nzuri ya chuma, mdogo wangu wa kuzaliwa akanitumia kahawa ya Moshi iliyokaangwa kupitia mtu aliyekuwa anarudi, asubuhi naichemsha, naimimina, siku imeisha. Kwahiyo kwenye daftari lako ukiona kitu kinajirudia jiulize kwanza kile kitu kinakufanyia kazi gani, halafu hiyo kazi itafutie njia nyingine. Ukikikata tu hivihivi kitarudi.

Chakula cha kuagiza na simu usiku, kwangu kilikuwa ni uchovu wa Jumapili. Dawa yake ni Jumamosi sufuria moja kubwa la maharage na moja la ndizi nyama, unagawa kwenye vikopo unaweka friza. Ndizi mbichi utazipata maduka ya Wahindi barabara ya Belgrave, unazijua. Na nenda supamaketi jioni karibu na kufunga, vile vya stika ya njano, mkate na nyama vinashuka bei sana na havijaharibika, unavitia friza usikuhuohuo.

Kutuma hela nyumbani nako tazama. Nilikuwa natuma pauni thelathini leo, ishirini keshokutwa, kila aliyepiga simu na shida yake, na kila ukituma unakatwa pauni tatu kasoro. Mara tano kwa mwezi ni karibu pauni kumi na tano zimekwenda hewani. Nikawaambia wote kuanzia mwezi huu natuma tarehe mbili tu, mara moja, kwa mama, yeye ndo atagawa. Walininunia miezi miwili. Wakazoea. Na dawa za mama zitoe humo kwanza kabla ya kitu chochote, kwenye M-Pesa yake, isipite kwa mtu mwingine.

Sasa na kosa langu nalo nikwambie usije ukalirudia. Mwaka ule wa 2022 bei ya nishati Uingereza ilipanda vibaya, nyumba ya kawaida ilikuwa inakadiriwa pauni 1,277 kwa mwaka, Aprili ikawa 1,971, Oktoba serikali ikaweka kizuizi kwenye 2,500, na vitu vyote vikapanda, mfumuko wa bei mwezi huo ulifika asilimia 11.1. Mita yangu ilikuwa ya kuchaji na ufunguo, kama LUKU vile. Mimi na ujasiri wangu wa daftari nikazima hita kabisa, nalala na makoti mawili. Kufika Januari ukuta wa nyuma ya kitanda umeota ukungu mweusi, nguo za kabatini zinanuka, kifua kimebana, nikakaa wiki mbili sifanyi kazi, na kwetu sisi wa kulipwa kwa saa usipofanya kazi wiki mbili unajua maana yake. Nilichookoa kwenye hita kilikwenda chote na zaidi. Joto usijinyime. Mlo wa moto usijinyime. Hivyo sio anasa.

Kuna kitu kimoja nimekiona juzi nikasema lazima nikiandike. Nilikwenda soko la Memorial hapa Moshi kutafuta sweta la mtoto wa dada, si unajua mitumba ya pale, wamemwaga chini marundo, wengine wametundika. Nikaona koti la kijani la kitambaa kizito lenye vifungo vya mbao. Ni koti nililonunua jipya Leicester pauni tisini, 2017, lilelile, kampuni ileile, hata ule mshono wa mfukoni. Nikalishika mkono, nikalitazama ndani, nikamuuliza yule kaka bei, akaniambia dada chukua elfu nane, na ukitaka tuongee. Mwaka ule wa 2017 nilikuwa na koti jingine zima kabisa nyumbani, nilinunua la kijani kwa sababu wenzangu kazini wote walikuwa wamebadilisha. Nilisimama pale na lile koti mpaka yule kaka akaniuliza kama ninalichukua.

Kutoka: kaka wa Sakina, Arusha

Mdogo wetu pole. Dada kamaliza karibu yote, ila mimi naona hela yako kubwa haitaishia kwenye kahawa, itakuja kuishia Desemba, nakuambia mapema ujiandae.

Mimi nilikuwa Ujerumani miaka tisa, ghala la mizigo Hamburg. Mwaka mzima najibana, chupa za plastiki naokota nazirudisha dukani, senti 25 moja, sioni aibu. Halafu Krismasi 2018 nikaja nyumbani siku ishirini na mbili. Nikakodi gari kuanzia uwanja wa ndege wa KIA mpaka siku ya kuondoka ili nionekane, kila siku Ngaramtoni, Njiro, Kijenge kuona watu, nyama choma nalipa mimi, kreti nalipa mimi, mjomba anataka simu, binamu anataka ada, na huwezi kukataa maana umeshajionyesha unazo. Nilirudi Hamburg na deni kwenye kadi nikalimaliza Juni. Mwaka uliofuata nikapanda daladala kama watu wengine, nikawaambia nimekuja na bajeti na bajeti ni hii. Kuna waliocheka. Mama yangu alifurahi sana kwa sababu safari ile nilikaa naye nyumbani, ya mwanzo alikuwa ananiona asubuhi tu.

La pili ingia kwenye mchezo. Sisi tulikuwa Watanzania kumi, euro mia mia kila mwezi, unapokea elfu moja zamu yako ikifika. Hela ya benki unaichomoa usiku ukiwa na njaa, hela ya mchezo huwezi, watu tisa wanakusubiri. Ila cheza na watu unaowajua kwao. Zamu zangu ndo zilijenga msingi hapa Sakina, nyingine nikanunua vipande vya UTT, ule mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ambavyo siku hizi unanunua kwenye simu.

Na usidhani ukirudi yanaisha. Nilivyorudi miezi sita ya kwanza nilikuwa naingia supamaketi kununua nyanya zimefungwa kwenye plastiki! Arusha hii! Mke wangu ndo alinishika mkono akanipeleka soko la Kilombero, sasa hivi kila Jumamosi alfajiri ndo kwetu.

Kutoka: mdogo wenu, Leicester

Asanteni sana jamani, nimesoma mara tatu. Mama nimempigia nikamwambia ukweli, akaniambia hata yeye alijua, mtandao ungekuwa unasumbua nisingempigia. Daftari nimeanza tarehe moja. Kahawa sina ila nina soda na chipsi kila nikishuka basi la pili, siku tisa mara saba. Nafikiri ni njaa tu, natoka asubuhi bila kula.

Swali moja dada. Nasuka kila baada ya wiki sita kwa mama mmoja wa Kongo, pauni arobaini na tano. Ndo kitu kikubwa kuliko vyote kwenye daftari baada ya kodi ya nyumba. Nikate?

Kutoka: dada wa Uru

Huko kwa mama wa Kongo unakaa masaa mangapi, na mnaongea nini?

Kutoka: mdogo wenu, Leicester

Masaa matano, saa nyingine sita. Tunaongea Kiswahili. Ananipikia sombe, kisamvu chao. Watoto wake wananiita shangazi.

Kutoka: dada wa Uru

Usikate. Ukiweza sogeza iwe wiki nane, chagua msuko unaokaa, na siku hiyo nenda na unga wako au mchele usaidie jikoni. Mimi mwaka wangu wa pili sikuwa na hata nyumba moja ya kuingia nikaitwa shangazi.

Kifungua kinywa chemsha uji jioni, asubuhi unapasha unaweka kwenye chupa, unakunywa kwenye basi la kwanza. Ile chupa yangu ya chuma niliiacha kwa mama mchungaji, anakaa karibu na kituo cha treni, nitakutumia namba yake pembeni. Mfuniko wake umepasuka kidogo ila haivuji, ninamwandikia sasa hivi akutolee, pitia kesho ukitoka zamu.