Mameneja wa maghorofa ya ofisi, ondoeni kabari kwenye milango ya ngazi!

Wakuu, hili limezidi. Jengo lina vioo chini hadi juu na marumaru mapokezini, halafu ukifika ngazi za dharura unakuta mlango umeegeshewa mtungi wa kuzimia moto ili usijifunge. Mtungi wenyewe!

Mlango ule umetengenezwa kustahimili moto kwa dakika 60 au zaidi, lakini ukiwa umefungwa tu. Ule ukanda mwembamba wa ukingoni huvimba ukipata joto na kuziba upenyo; mlango ukiwa wazi hauna cha kuziba. Na moshi haungoji. Ngazi za jengo refu ni bomba lililosimama wima, hewa ya moto hupanda yenyewe, hivyo moto wa ghorofa ya 5 unaweza kuwaziba pumzi watu wa ghorofa ya 30 ambao hawajaona hata cheche.

Msiniambie kuna feni za kusukuma hewa kwenye ngazi. Presha yake ni ndogo, kama paskali 50 hivi, na hupigiwa hesabu kwa milango michache tu kufunguliwa kwa wakati mmoja. Mkiegesha milango sita, hewa yote inavuja na moshi unaingia.

Chicago, Oktoba 2003, moto ulianza ghorofa ya 12 ya jengo la ofisi za kaunti ya Cook, lenye ghorofa 35. Mlango wa ngazi wa ghorofa hiyo ulipofunguliwa ili kuukabili moto, moshi ukajaa ngazini. Waliokuwa juu wakishuka walikuta milango imejifunga nyuma yao, hawawezi kurudi ndani. Watu 6 walikufa.

Wafanyakazi hawaweki kabari kwa ukorofi. Lifti zinachelewa, wanapanda ghorofa moja kwa miguu, na mlango ni mzito kwa sababu pampu yake ya juu, ile inayoufunga wenyewe, imekazwa kupita kiasi. Basi fungeni sumaku ya ukutani iliyounganishwa na kengele ya moto: kengele ikilia umeme unakatika, sumaku inaachia, mlango unajifunga.

Kila mwezi fungueni kila mlango nusu, muuachie. Lazima ujifunge wenyewe mpaka ulimi wa kitasa uingie. Ukiishia njiani, rekebisheni skrubu ya pampu: kwa kawaida moja ni ya mwendo, nyingine ya msukumo wa mwisho. Pampu inayovuja mafuta haifai kurekebishwa, ibadilisheni. Mlango ukiburura sakafuni, angalieni bawaba kwanza. Upenyo wa pembeni ukizidi milimita 4 hivi, muiteni fundi.

Milango ya kadi nayo lazima ifunguke kutokea upande wa ngazi kengele inapolia. Jaribuni kwa kuipiga kengele yenyewe, mtu akiwa amesimama ngazini, kila ghorofa. Fomu iliyosainiwa ofisini haifungui mlango.