Naombeni ushauri: nataka kupiga FLAC sebuleni bila kupoteza ubora

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Marehemu baba ameniachia CD zaidi ya 300, nyingi taarab ya Unguja na dansi la zamani. Karibu zote nimeshazihamishia kwenye kompyuta kwa FLAC, yaani faili za muziki zinazobanwa bila kupoteza ubora. CD moja inakula kama MB 300 hadi 400, kwa hiyo diski ya TB 1 bado ina nafasi tele.

Shida ni kuufikisha muziki sebuleni. Kwa sasa natumia simu na bluetooth kwenye ampu ya baba. Qanuni inasikika kama imefunikwa blanketi. Ule mguso wa kidole kwenye nyuzi, ambao nikiweka CD yenyewe nausikia wazi, haupo kabisa. Najua bluetooth inaubana muziki upya, wakati CD ni kilobiti 1,411 kwa sekunde.

Nafikiria kununua Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo), nichomeke diski, halafu DAC ya USB (kifaa cha kugeuza muziki wa kidijitali kuwa mawimbi ya sauti ya ampu) iingie kwenye ampu kwa waya za RCA, niendeshe kwa simu kupitia Wi-Fi ya ndani. Bando haliguswi, hilo limenivutia sana.

Mliofanya hivi, DAC gani ya bei ya kawaida inatosha? Kwetu umeme hukatika ghafla, je, kadi ya kumbukumbu ya hiyo Pi haitaharibika? Na ruta iko chumbani, kuta mbili za tofali katikati. Nivute waya tu?

Mama anaziulizia nyimbo hizo kila siku. Natamani zipige kabla ya Idi.