Mjadala: Maji ya Ruaha Mkuu yatarudi kwa kuhamisha watu au kwa kufunga mabanio kiangazi?

Mpima Mto
Mto Ruaha Mkuu ulianza kukatika kiangazi ndani ya hifadhi mwaka 1993. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu, bonde la juu la mto huo, mwaka 2008 ardhioevu ya Ihefu iliyo humo ikaingizwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na mto ukaendelea kukauka. Naona tumekuwa tukishika pasipo.

Ihefu hutoa maji kupitia mlango mmoja tu, mwamba wa Ng'iriama. Maji yakishuka chini ya usawa wa mwamba huo, hakuna tone linalopita, hata kama nyuma yake bado kumetanda maji. Japhet Kashaigili wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) na wenzake walikokotoa kwamba ili lita 600 kwa sekunde zipite hapo kiangazi, zinahitajika karibu 7,000 kwa wastani zinazoingia. Tofauti hiyo inapaa juani na kupitia mimea ya ardhioevu yenyewe. Basi tuangalie nani anazuia maji juu ya Ihefu kati ya Agosti na Novemba. Ni mabanio, yaani kuta za kuchepushia maji mifereji ya mashamba, kwenye mito ya Mbarali, Kimani, Chimala na Ruaha wenyewe.

Majaruba
Mkuu, Septemba mpunga wa masika umeshavunwa. Mifereji haifungwi kwa sababu vijiji vinakunywa maji hayo hayo, vinafyatua matofali, vinamwagilia bustani. Ukifunga lango kabla ya kuchimba visima vya pampu umekinyima kijiji maji.

Mpima Mto
Hapo tuko pamoja. Piga hesabu: watu 5,000 kwa lita 30 kila mmoja kwa siku ni mita za ujazo 150, yaani chini ya lita 2 kwa sekunde. Lakini ili lita hizo 2 zifike mwisho wa mfereji wa udongo wenye urefu wa kilomita kadhaa, lazima banio liingize mara nyingi zaidi, na mengine yote yanazama njiani au kutuama kwenye majaruba matupu. Kwa hiyo visima ndivyo hatua ya kwanza ya kuokoa mto.

Zizi la Usangu
Na wafugaji waombwe radhi. Ng'ombe laki moja wakinywa lita 40 kila mmoja ni mita za ujazo 4,000 kwa siku, karibu lita 46 kwa sekunde. Kukanyaga kingo na kuchoma nyasi ni madhara ya kweli, siyakatai. Lakini unywaji wa mifugo peke yake haukaushi mto unaohitaji 7,000.

Mkondo
Mnasahau banio lenyewe. La zamani lilikuwa la magogo, mawe na majani: lilivuja, na mafuriko yalilibomoa kila masika. Likajengwa la zege, ukuta toka ng'ambo hadi ng'ambo, lango la chuma lililopimwa kwa mahitaji ya masika. Mto ukishuka Oktoba, lango lile lile linameza wote. Bruce Lankford na wenzake wa RIPARWIN, mradi wa utafiti wa maji ya bonde hili, walishalionya hili, kwamba banio bora kwa mkulima wa juu linaweza kuwa baya kwa bonde zima.

Dawa yake ni ukuta wenye nafasi mbili zisizo na lango, vizingiti vyake kwenye usawa mmoja, moja ya mfereji na moja ya mto. Mto ukipungua, zote mbili zinapungua kwa uwiano ule ule. Hakuna kufuli la kuvunja usiku. Kasoro yake ni mchanga: nafasi ya mfereji ikijaa tope, uwiano unaharibika, kwa hiyo jumuiya ya watumia maji lazima iizibue.

Taa za Kidatu
Na umeme je? Mgawo wa umeme wa miaka ile ulisababishwa na matumizi ya maji Usangu.

Mpima Mto
Kwa sehemu ndogo, ndugu. Lita 7,000 kwa sekunde kwa siku 150 ni kama mita za ujazo milioni 91. Bwawa la umeme la Mtera, chini zaidi kwenye mto huo, linabeba zaidi ya bilioni 3, linajazwa na mafuriko ya masika, na linapokea pia Ruaha Mdogo na Kisigo. Ratiba ya kufungulia maji pale Mtera ina uzito mkubwa zaidi. Kiangazi, anayeumia ni kiboko na samaki wa hifadhini.

Majaruba
Basi anayefaidika alipe. Mkulima anayelowesha kitalu Oktoba na kupandikiza mapema anauza kabla soko halijafurika, bei ikiwa juu. Hekta 100 zikilowa mapema hivyo, kwa milimita 6 kwa siku zinapoteza karibu lita 70 kwa sekunde. Mwambie asubiri mvua, atakuuliza pengo la bei litafidiwa na nani. Ada ya kibali cha maji haigusi pengo hilo hata kidogo: analipia kiasi kilichoandikwa, awe amechota Machi au Oktoba. Kibali kiandikwe kwa misimu miwili, na sehemu ya mapato ya utalii na ya umeme iende kwa waliochelewesha vitalu, wakihesabiwa kwa hekta.

Mkondo
Nakubali misimu miwili. Kwenye hekta napinga: lipia maji yaliyopimwa mtoni chini ya banio. Anaweza kuchelewesha kitalu na bado akaacha lango wazi.