Mgonjwa hajitambui, hawezi kukubali wala kukataa. Ni halali kumwingiza kwenye utafiti?

MLETA MADA
Wakuu, mnipige mawe kistaarabu. Mtu ameanguka, moyo umesimama. Wahudumu wa ambulensi wanamkandamiza kifua, kisha wanafungua pakiti ambayo hata wao hawajui kama ina adrenalini, dawa ya kuuamsha moyo, au maji ya chumvi tu yasiyo na dawa. Mgonjwa hajaulizwa, na angeulizwaje? Ndivyo ulivyofanyika utafiti wa PARAMEDIC2 huko Uingereza, kwa watu 8,014, matokeo yakatoka 2018. Waliokuwa hai baada ya siku 30 walikuwa asilimia 3.2 kwa adrenalini na 2.4 kwa maji ya chumvi. Ila kati ya walionusurika hadi kutoka hospitali, wenye athari kubwa za ubongo walikuwa asilimia 31 upande wa adrenalini, na 17.8 upande wa pili. Dawa inaurudisha moyo kuliko inavyomrudisha mtu.

Na ilikuwa imetumika miongo mingi kabla ya kupimwa hivyo. Kwangu utafiti huo ni halali kabisa. Semeni.

MCHANGIAJI 1
Napinga, mkuu. Daktari akinipa dawa iliyozoeleka na ikanidhuru, alikusudia kunitibu mimi. Mtafiti amenirushia shilingi ili ajue jambo litakalowafaa wengine. Mimi nimegeuka chombo. Hayo matokeo mazuri hayasafishi njia, maana siku wanaanza hakuna aliyeyajua.

MCHANGIAJI 2
Nimefanya kazi ya dharura miaka kadhaa, niruhusu nikubishie. Walioumia kichwa walikuwa wakipewa steroidi ili kupunguza uvimbe wa ubongo. Kila aliyetoa alikusudia kutibu, kama usemavyo. Ukaja utafiti wa CRASH, wagonjwa 10,008, matokeo 2004: ndani ya wiki mbili walikufa asilimia 21.1 ya waliopewa, na 17.9 ya wasiopewa. Nia njema ilikuwa inazika watu, tena bila kumbukumbu yoyote ya nani kapewa nini.

Halafu kuna saa. CRASH-2 (2010, watu zaidi ya elfu ishirini) ilionyesha kuwa dawa iitwayo asidi ya traneksamiki huokoa majeruhi wanaovuja damu. Uchambuzi uliofuata ukaonyesha inafaa ikitolewa ndani ya saa tatu. Ukichelewa zaidi, inaweza hata kudhuru. Sasa msubiri shemeji afike kutoka safari asaini karatasi.

MCHANGIAJI 3
Mmeusahau FEAST, uliofanyika hapa kwetu: Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri. Waliomiminiwa maji ya dripu kwa kasi walikufa zaidi: ndani ya saa 48 karibu asilimia 10.5, dhidi ya 7.3 ya wasiomiminiwa. Ulisimamishwa kabla ya wakati, ukachapishwa 2011. Kule, hali ilipokuwa mbaya mno, mzazi aliulizwa kwa mdomo tu, maelezo kamili na saini vikafuata baadaye. Kwangu hiyo ni njia ya kiungwana. Kinachonikwama kooni ni mzazi ambaye mtoto amefariki kabla ya hiyo "baadaye". Unamwendea na karatasi? Au unanyamaza?

MLETA MADA
Hapo umenishika pabaya. PARAMEDIC2 hawakuzifuata familia za waliofariki moja kwa moja. Habari iliwekwa hadharani, anayetaka aitafute. Sababu yao ilikuwa kutowaongezea wafiwa uchungu. Nilipoandika mada niliiona ni huruma, sasa naona pia ni njia rahisi ya kukwepa swali gumu. Bado nasema wafanye utafiti, ila familia iambiwe, hata kama ni miezi kadhaa baada ya msiba.

Na Mchangiaji 1, asiyetaka alikuwa na njia: angeweza kuomba bangili ya kuvaa, wahudumu wakiiona wasimwingize.

MCHANGIAJI 1
Bangili sawa. Ataiomba aliyesikia kwamba utafiti upo. Wangapi kati ya wale 8,014 walikuwa wamesikia?