Kuwasha kompyuta za ofisi kupitia mtandao na kuzisambazia imeji: za zamani zinakubali, mpya zinagoma

afisa_tehama

Wakuu, habari za kazi. Ofisi ninayoihudumia ina kompyuta 40 hivi, nusu ni Dell OptiPlex za zamani na nusu ni HP zilizonunuliwa karibuni. Hadi sasa mfumo wa kompyuta ukiharibika, tunachomeka flashi, tunasakinisha Windows upya, kisha tunaanza kuweka programu ya uhasibu, printa na antivirasi kimoja baada ya kingine, na siku inaishia hapo. Ili kuondokana na adha hiyo nimesimika kwenye Ubuntu seva ya FOG, programu ya kunakili na kusambaza imeji (nakala kamili ya diski yenye Windows na programu zake), nikikusudia kompyuta ziwake kupitia mtandao na kupokea imeji iliyokwisha kuandaliwa. Anwani za IP zinagawiwa na ruta, na mtoa huduma wa intaneti anayeisimamia amekubali kuweka kwenye DHCP, yaani huduma hiyo ya kugawa anwani, chaguo namba 66, lenye anwani ya seva, pamoja na namba 67, lenye jina la faili la kuwashia, yaani undionly.kpxe.

OptiPlex zinaleta menyu ya FOG bila shida. HP zinaandika "NBP file downloaded successfully", kisha zinarudi kwenye orodha ya vifaa vya kuwashia. Nimebadilisha kebo na tundu la swichi, hali ni ileile. Naomba kujua tatizo liko wapi, na kama kuna jambo la kuzingatia kabla ya kuchukua imeji yenyewe.

fundi_seva

Mkuu, iache kebo, haina kosa. Ujumbe huo unakuambia kwamba faili limefika salama, ila kompyuta iliyolipokea haiwezi kuliendesha. Faili la undionly.kpxe ni la kompyuta zinazowaka kwa BIOS ya zamani (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta), wakati HP zako zinawaka kwa UEFI, mrithi wake, ambayo inataka faili lenye kiishio cha .efi. Unalo tayari ndani ya /tftpboot kwa jina la ipxe.efi. Ugumu ni kwamba chaguo namba 67, likiwekwa hivyo kwenye ruta, linatoa jina moja kwa kila anayeuliza, kwa hiyo ukiweka ipxe.efi, OptiPlex ndizo zitakazogoma.

Kompyuta inapoomba anwani hujitambulisha kupitia chaguo namba 93: thamani 0 ni BIOS, 7 au 9 ni UEFI ya biti 64. Ruta nyingi za ofisi ndogo hazisomi utambulisho huo, na hata zingesoma, sioni busara ya kumpigia simu mtoa huduma kila unapotaka kubadilisha neno moja. Mwombe aondoe chaguo zote mbili, kisha usimike programu ndogo ya dnsmasq kwenye seva hiyohiyo ya FOG ifanye kazi kama DHCP msaidizi, ambayo haigawi anwani hata moja bali huongeza maelezo ya kuwashia pembeni ya jibu la ruta. Mipangilio yake ni mifupi. Badilisha tu anwani iendane na mtandao wako:

port=0
dhcp-range=192.168.10.0,proxy
pxe-service=X86PC,"FOG",undionly.kpxe
pxe-service=X86-64_EFI,"FOG",ipxe.efi
pxe-service=BC_EFI,"FOG",ipxe.efi

Fungua milango ya UDP 67, 69 na 4011 kwenye ngome (firewall) ya seva. Zima pia Secure Boot, ulinzi unaokataa faili la kuwashia lisilo na saini, kwenye HP, kwa kuwa faili la ipxe.efi linalokuja na FOG kwa kawaida halina saini inayotambuliwa na kompyuta hizo. Kabla ya kuizima, hakikisha diski haijafungwa kwa BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows), au uwe na ufunguo wake wa kufungulia mkononi, la sivyo mwenye kompyuta atakutana na skrini ya bluu inayodai tarakimu 48.

mwandaa_imeji

Nakubaliana na aliyetangulia. Kwa uzoefu wangu, hata hivyo, upande wa seva humalizika mapema, na kinachosumbua ofisi miezi kadhaa baadaye ni imeji iliyoandaliwa kwa haraka. Iandae kwenye kompyuta pepe (inayoigizwa na programu ndani ya kompyuta nyingine) ili isibebe madereva ya kompyuta moja. Windows inapofika kwenye skrini ya kuchagua nchi, bonyeza Ctrl, Shift na F3 kwa pamoja ili uingie katika hali ya ukaguzi, usakinishe programu zako bila kufungua akaunti ya mtu yeyote na bila kuiunga kompyuta kwenye domeni. Ukimaliza, endesha Sysprep, zana ya Windows inayofuta utambulisho wa kompyuta hiyo, kwa /generalize /oobe /shutdown. Ikishazimika, isiwashwe tena kuingia Windows kabla imeji haijachukuliwa, kwa sababu ikiwaka itajipa utambulisho mpya na kazi yote itabidi irudiwe.

Wapo watakaokuambia kwamba Sysprep ni kupoteza muda. Zamani waliponea, lakini masasisho ya Windows 11 yaliyotoka kuanzia mwisho wa Agosti 2025 yanakagua utambulisho huo, na kompyuta zenye SID (namba ya utambulisho huo) inayofanana huanza kukataliana zinapofungua mafaili ya pamoja au kuunganishwa kwa mbali.

Tambua pia kwamba imeji moja haitatosha. Diski ya kompyuta ya BIOS hupangwa kwa mfumo wa MBR na ya UEFI kwa mfumo wa GPT, hivyo utahitaji imeji mbili, isipokuwa OptiPlex zako zina UEFI ndani, jambo linalofaa kuangaliwa kwanza. Kama ni za zamani kiasi cha kukosa TPM 2.0 (chipu ya usalama), Windows 11 haizikubali rasmi, na Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025. Binafsi ningeziwekea Linux. Kuhusu leseni, ile iliyokuja na kompyuta kutoka dukani haikupi haki ya kusambaza imeji moja kwa kompyuta nyingi; haki hiyo inatokana na leseni ya jumla, kwa hiyo wahusishe watu wa manunuzi mapema.

afisa_tehama

Nashukuru sana. Baada ya kuweka dnsmasq, HP zote zinaleta menyu. Imebaki kwamba chache kati yake zinadai hakuna diski, ingawa Windows inawaka humo vizuri. Je, nikizipelekea imeji zote kwa pamoja, mtandao utahimili?

fundi_seva

Zinazodai hivyo zimewekwa katika hali ya Intel RST au VMD, ambazo ni njia za Intel za kusimamia diski, na Linux inayoendesha FOG mara nyingi haioni diski iliyo nyuma yake. Ingia kwenye mipangilio ya BIOS uiweke AHCI, ambayo ni njia ya kawaida. Windows iliyomo sasa huenda isiwake baada ya hapo, lakini kwa kuwa unaifuta, haikuhusu.

Ama kuhusu kutuma kwa pamoja, angalia swichi kwanza. Imeji ya GB 25 kwenye swichi ya Mbps 100 hupita nusu saa kwa kompyuta moja, na zikiwa kumi zinagawana njia hiyohiyo. Kwenye swichi ya Gbps 1 ni suala la dakika chache. Tumia multikasti, ambapo seva hutuma mkondo mmoja unaopokelewa na wote, lakini usichanganye kompyuta yenye diski ya kasi ndogo na zile zenye kasi katika kundi moja, kwani wote watamngoja aliye nyuma. Kama swichi yako haina IGMP snooping, yaani uwezo wa kupeleka mkondo huo kwa walioomba tu, fanya kazi hiyo baada ya saa za ofisi, maana mkondo huo utamwagwa kwenye kila tundu, hadi kwa printa na simu za mezani.